Kadre Nyekundu ya Kubeba Mama Mukwe

Munaniuliza mukwe yangu Kitsa ni mutu ya namna gani. Ikaleni basi, na mutu asinikate maneno, juu mukinikata nitakasirika na nitarudia mu jikoni yangu. Kitsa ni mutu ya heshima. Heshima yake ilikuwa karibu kuniua.

Yeye ni mutoto ya Alimbongo, kule baridi inakulaka mutu masikio. Baba yake alimulea na desturi ya zamani: mama ya bibi yako ni mutu ya kuogopa. Hapana kumuangalia ku uso. Hapana kula naye. Hapana kumugusa hata kidole. Ukikutana naye mu njia, toka, ingia mu majani, geuza mugongo mupaka apite. Batoto ba leo, benye bamesoma, banakumbatia mama mukwe mbele ya padri, na padri anacheka. Sawa, ni bao. Kitsa, hapana. Tangu alioa Léa yangu mupaka mutoto yao ya kwanza, Esdras, anaingia masomo, hakuniangalia hata mara moja. Akifika kwangu kule Mabalako, anasimama nyuma ya jikoni, anakohoa. Miye najua: ni kikohozi ya mukwe. Tunasalimiana, ukuta katikati.

Donc, basi, alinijua kwa bitu mbili tu, sauti na miguu. Mutu mwenye macho chini ataona nini ingine? Na miguu yangu ni kidogo, mama yangu pia alikuwa hivyo. Bilato, biatu yangu, nanunuaka kwenye banauzisha ya batoto ba masomo. Sauti yangu munaisikia, ni ya kabinti. Sasa, katikati ya miguu na sauti... ee, si munaniona. Mungu hakunipimia na kijiko.

Kazi ya Kitsa ni kusukuma kinga, baiskeli. Sikusema kupanda, nimesema kusukuma. Anatoa biazi na maharagi kule Alimbongo, anafunga magunia ku pande zote mbili, anafunga fimbo ku gidoni, pale banashikia, na ingine nyuma ya kiti, anatembea kando yake mupaka Butembo, mu Kimemi, kwenye banaishi. Kinga ile ndiyo shamba yake. Mwaka ile ya vita, wakati batu ba Mambasa balikuwa banaingia Mangina na magodoro ku kichwa, kadre ya kinga yake ikakatika. Kadre ni mifupa ya kinga. Ikikatika, magurudumu na pedale ni byuma tu ya batoto kuchezea.

Juma ile ile masasi ya bunduki ikaanza kulia upande yetu. Majirani bakafunga bitu. Miye kiuno ilikuwa imenikatalia zamani; natoka jikoni naenda choo, nikifika naomba kupumzika. Magari ilikuwa ya basoda, askari ba vita, ao ya batajiri. Nikatuma neno kwa Léa, na mutu ya kuuzisha mafuta ya mawese: mama yako atabaki huku peke yake. Léa akalia. Kitsa akasema, "Nitaenda kumutwala."

Ataenda na nini? Balikuwa na mbuzi moja, Léa aliichunga nyuma ya nyumba. Bakaiuza. Mbuzi moja inanunua kadre ya mupya? Wapi! Inanunua ya okazio, ile ya kutumika na wengine, na ukikosea hakuna ya kurudilia.

Yenye ilifuata Léa alinihadisia mara mingi, kucheka na kulia pamoja. Balienda kwa Fadhili, Muislamu moja mupole mwenye ndugu zake banaletaka mizigo toka Kampala. Alikuwa ametandika makadre juu ya bashi, turubai ya plastiki, pembeni ya soko. Na Kitsa, pale, ungemuheshimu. Hakuna mutu anamudanganya juu ya kadre. Anaipiga na ufunguo ya fundi, anasikiliza: chuma muzima inajibu wazi, chuma yenye imepasuka inajibu kama chungu yenye ufa. Anafunga jicho moja, anaangalia toka mbele mupaka nyuma kama imenyooka. Anapitisha kucha pale chini kwenye pedale inaingia, juu ufa inapenda kujificha pale, na rangi mupya inaifunika.

Bei ya mbuzi yao ilitosha kwa moja ya makadre mbili. Moja nyeusi, ya chuma, muzito, mubaya, iliungwa na moto mara moja lakini na mukono ya fundi. Ingine nyekundu, ya Ulaya. Mabomba yake ni munene lakini yote ni mwepesi kama kitunga. Katikati imekatwa: nyuma inacheza juu ya kipini moja, na kati ya nyuma na mbele banaweka resori, springi kama ya pikipiki. Kitsa akashika, akatikisa. Kipini ilicheza kidogo. Alisikia, na Fadhili aliona kwamba alisikia. Kwa biazi, Kitsa hangeuliza hata bei yake.

Lakini hakuwa anawaza biazi. Alikuwa ananiwaza miye.

"Baba Esdras, chukua ile nyeusi," Léa akasema.

"Nyeusi iko nguvu. Lakini itamupiga mama mu kiuno. Unajua mabwe ya njia ya Mangina, mawe ile munene? Atalia. Mama ya bibi yangu analia nyuma yangu, batu banasikia! Nitaweka sura wapi?"

Fadhili akaingilia. "Ndugu yangu, kila resori na uzito yake. Mama iko na kilo ngapi?"

Yoo! Kitsa alikasirika mupaka bauzishaji ba nyanya bakageuka. "Unaniuliza kilo ya mama mukwe yangu mu soko? Ni ngombe?"

"Pole, papa. Nauliza tu juu ya resori."

"Ni mutu kidogo. Anavaa bilato ya mutoto ya masomo. Sauti yake ni ya kandege."

Na Léa alikuwa amesimama pale. Mutoto ya tumbo yangu! Neno moja tu, na tungepona wote. Lakini atasema nini? Kueleza mwili ya mama yako mbele ya bwana yako ni kumuvua nguo. Alitafuta njia ya kuzunguka. "Mama anakulaka vizuri," akasema.

"Mungu asifiwe," Kitsa akajibu.

"Kiti yake ya mbao, tulishaitengeneza mara mingi."

"Mbao ya siku hizi ni mubaya."

 Fadhili, mwenye ni mutu ya mifupa tu, akapanda juu ya ile nyekundu, akairusha-rusha. Ilipanda na kushuka vizuri, bila kelele. Kitsa alicheka kama mutoto. Bakailipa. Banasema mwenye macho haambiwi tazama. Kweli. Na mwenye alikatazwa kutazama, nani atamuambia?

Kitsa akarudisha juu yake magurudumu, cheni na gidoni yake ya zamani. Kadre ile haikuwa na pahali ya kufunga kiti ya nyuma; haikutengenezwa kwa kazi yetu. Akafunga ubao na mipira ya matairi, Léa akashona kamuto ka kitenge ka kuikalia. Akashika njia.

Alifika kwangu asubui. Kijiji ilikuwa kimya, kulibaki kuku na miye. Nikasikia kikohozi nyuma ya jikoni, na miye, mutu mukubwa hivi, nikalia.

"Wabukire, Mama," sauti ikanisalimia nyuma ya ukuta. "Nimekuja kubatwala. Kinga iko na resori. Hamutasikia kitu."

"Nani alikuambia nataka resori?" Ndivyo nilimujibu. Nyiye munanijua, sijue kunyamaza hata siku ya kufa. Mpaka leo jibu ile inaniuma.

Akasimamisha kinga mu lupango, kiwanja ya nyumba, akaishika na mikono mbili, akanipa mugongo. Nikageuza kinu, nikapanda juu yake, nikaikala ku ubao. Kinga ikasema kiii. Resori ikashuka mupaka chini na haikupanda tena. Mbele, gidoni ikainuka mu mikono ya Kitsa, kama mbuzi yenye inakataa kamba. Akaishusha na nguvu. Nikaona shingo yake inakauka.

"Mama," akauliza, macho mbele, polepole, "ni muzigo gani tena mumepakia?"

"Hakuna muzigo, mukwe. Ni miye."

Batu bangu, nilisikia haya. Nilikuwa nakimbia vita na kitenge moja na rozari, bitu yote nimeacha, na kumbe bado nilibeba mingi. Nilitaka kushuka. Nilitaka kupungukia pale pale. Kitsa akasema, "Njia inatelemuka. Tutaenda vizuri." Haikuwa inatelemuka.

Tukaenda. Gurudumu ya nyuma ilikuwa inakwaruza ubao, na kila bwe ya njia ilipanda mu kiuno yangu bila kupita kwa mutu. Lakini sikulia. Nikashika ncha ya kitenge mu meno. Mutu aliuza mbuzi yake ili asisikie kilio yangu. Nikilia, mbuzi imekufa bure. Mara kwa mara anauliza, "Resori inatumika, Mama?" Na miye, kitenge mu meno, "Inatumika, mukwe." Tulidanganyana vile mupaka jua ikapanda.

Njia ilijaa batu na masufuria, na batoto, na bazee ku mugongo. Mwanamuke moja akapiga kelele, "Papa, unahamisha bibi yako ao unahamisha nyumba yako?" Kitsa akajibu, na heshima yote, "Ni mama mukwe yangu." Mwanamuke akafunga kinywa na mukono. Afadhali angecheka.

Tukafika ku kilima ya mwisho, mbele ya kuingia Beni. Pale masasi ikalia nyuma yetu, karibu, na batu bakaanza kukimbia. Kitsa akainamisha kichwa, akasukuma na nguvu yote yenye alibakisha. Kipini ikakatika. Kadre ikajikunja mara mbili, nikamuangukia mugongoni, na tukalala mu matope, yeye chini, miye juu, kitenge yangu imeenda upande yake.

Na batu, benye banakimbia masasi, balisimama! Balisimama kuangalia mama mukwe juu ya mukwe. Hata leo nikiota ndoto mubaya, siote basoda, naota macho ile.

Kitsa uso ilikuwa mu matope, macho amefunga nguvu. "Sijaona kitu, Mama," akasema. "Haki ya Mungu, sijaona kitu."

"Utaona nini na miye niko juu yako? Inuka!"

"Siwezi, Mama."

"Juu ya nini?"

"Muko juu yangu, Mama."

Nikajigeuza, nikaanguka pembeni, nikafunga kitenge. Masasi ikalia tena. Ile mara bakakimbia kweli, na njia ikabaki na sisi wawili na ile takataka nyekundu. Nikaomba kijana moja anishike, akapita. Nani atanishika? Kila mutu na muzigo yake.

"Kitsa," nikasema, "enda. Uko na batoto. Nitasali rozari yangu hapa."

Akachuchumaa mbele yangu, mugongo kwangu, mikono nyuma. "Mukuje, Mama."

"Hapana! Mukwe hapana kubeba mama ya bibi yake. Batu batasema mupaka tukufe."

"Batasema."

"Afadhali nikufe kuliko haya ile."

Pale akapaza sauti. Mara ya kwanza tangu alioa mutoto yangu, na bado macho mbele, hakugeuka hata kidogo: "Mama, nikirudi bila nyiye, nitaangaliaje Léa? Sura yenu siijue. Yake naijua!"

Ungejibu nini? Nikapanda.

Namna gani aliinuka, muulize Mungu. Alikuwa anapumua kama mutu anapasua kuni. Anaenda kidogo, anasimama, anaenda tena. Miye mikono yangu ilikuwa ku shingo yake, uso yangu nyuma ya kichwa yake, na kwa kuwa sikuwa na pahali ingine ya kuangalia, nikamuangalia. Ku bega niliona ngozi imekauka, ngumu kama ya kisigino, pale fimbo ya kinga inamusuguaka. Nyuma ya masikio, mvi. Mvi, Kitsa! Miaka yote nilijua kikohozi yake tu. Nilikuwa namucheka na dada yangu, tunamuita Kikohozi. Sikujua kama anazeeka mu kazi ya kulisha mutoto yangu. Haya yangu ya mwili ikaisha pale ku mugongo yake, na ingine ikaingia, mubaya kuliko ya kwanza, na ile sikuwa na kitenge ya kuifunika.

Akanishusha ku mulango ya dada yangu Adèle, mu Beni, na akapotea. Basoda hawakufika siku ile. Kesho yake, banasema, alirudi ku kilima kuokota kadre. Lakini kwetu hakuingia. Léa akatoka Butembo, akafika, hakumukuta. Na tulijua juu ya nini. Kwetu kitu kama ile inaoshwa na mbuzi: mukwe analeta mbuzi, mukubwa ya familia anaipokea, tunakula, maneno inaisha. Bila mbuzi hawezi kusimama tena mbele yetu, hata nyuma ya jikoni. Na mbuzi yake ilikuwa wapi? Ilikuwa mu ile kadre. Léa alikuwa anakula kidogo, analala kidogo, anaangalia mulango. Bwana yake mu muji moja naye, na mbele mbuzi ilipwe, desturi inamukataza kwenda kwake. Kwenye kuchota mayi banawake balikuwa bananyamaza akifika.

Kisha, siku moja mangaribi, tukasikia kikohozi.

Kaka yangu Salomon alikuwa pale, yeye ndiye mukubwa yetu. Akatoka, akasimama katikati ya lupango. Kitsa akaingia, macho chini, vipande mbili ya kadre ku bega.

"Mbuzi iko wapi?" Salomon akauliza.

Kitsa akaweka vipande chini, polepole, kama mutu analaza mutoto. "Ndiyo hii, Papa. Iliishia humu."

Hakuna mutu alicheka. Salomon akageuka kwangu, juu aibu ilikuwa yangu, na kukubali ilikuwa yangu. Léa alikuwa ananiangalia kama miye ni munganga na mutoto yake iko mukononi yangu.

Nikainuka. "Nakubali mbuzi hii," nikasema. "Lakini sijamaliza. Kitsa, inua macho."

"Katungu!" dada yangu akaniita na kelele. "Umekuwa mujinga?"

"Nyamaza, Adèle. Kitsa, inua macho! Kadre inachaguliwa kwa kuiangalia, na weye unajua kuliko sisi wote. Chuma ya Fadhili uliipiga na ufunguo, ukaipitishia kucha, ukafunga jicho moja. Na mutu mwenye atapanda juu yake hukumuangalia. Niangalie leo. Mara moja, mbele ya kaka yangu, mbele ya bibi yako, mutu asiseme ilikuwa kwa siri. Hata baba yako ya Alimbongo atasamehe."

 Kitsa alianza na miguu, juu ile alikuwa anaijua. Kisha akapanda, polepole, namna anaangaliaka kadre. Ku kiuno akasimama kidogo. Akaendelea. Ku mabega akasimama tena. Kisha macho yake ikafika ku uso yangu, na nikaona macho ya mukwe yangu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imejaa mayi.

"Ee, Mama," akasema, na sauti kidogo. "Kumbe ilikuwa ile kadre nyeusi."

Salomon akageukia ukuta, mabega inamutikisika. Léa akafunika uso. Miye nilicheka mupaka kiuno ikanikumbusha, nikashika mulango. Kisha nikaona Kitsa hacheke. Machozi ilikuwa inashuka ku mashavu na hakuipanguza, juu kuipanguza ni kuinua mukono mbele yangu. Nikaacha kucheka.

"Wasingya, aksanti, mukwe yangu," nikamuambia. "Enda kwa bibi yako, ukule."

Akarudisha macho chini, ku miguu yangu, na tangu siku ile hakuiinua tena. Leo anasukuma biazi na kadre ya chuma, nyeusi. Tukikutana mu njia, anaingia mu majani, ananipa mugongo, anangoja nipite. Miye pia nasimama. Naangalia shingo yake, naangalia mvi zake namna zinaongezeka, na sipite haraka.